Mshahara wa Mfanyakazi na Mkono wa Mkopeshaji

Mtu anayeishi kwa mshahara ana mali moja isiyoonekana kwa macho: ni mshahara wa mwezi ujao. Yeye hajaushika bado, lakini mkopeshaji amekwisha kuuona. Je, mkopeshaji aweza kuuchukua kabla haujafika nyumbani? Tutazame habari za Marekani, kwa maana huko watu wamehangaika na neno hilo zaidi ya miaka mia moja.

Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe (1861-1865), miji kama Chicago na New York ilijaa makarani, watu wa reli na watu wa viwanda. Benki hazikutaka kumkopesha mtu fedha kidogo, naye hana shamba wala nyumba ya kuweka rehani. Mtoto akiugua, baba aende wapi? Alikwenda kwa wakopeshaji wa mshahara. Hao waliomba sahihi tu, juu ya karatasi iliyosema: nisipolipa, bwana wangu wa kazi ampe huyu mshahara wangu. Wengine walizidi kwa hila. Sheria za sehemu nyingi zilikataza riba kubwa. Basi wao walisema hawakopeshi kitu, wananunua tu mshahara wa kesho kwa bei ya leo.

Nguvu yao ilikuwa hofu. Mabwana wengi wa kazi walimfukuza mtu mara walipoletewa karatasi ya namna hiyo, maana hawakupenda usumbufu. Kwa hiyo mdeni alizidi kulipa riba, na deni lenyewe likabaki palepale. Tena wakopeshaji wengine waliajiri wanawake waende mahali pa kazi kumkemea mdeni kwa sauti kubwa mbele ya wenzake. Daniel Tolman, aliyekuwa na makumi ya ofisi za namna hiyo, alifungwa huko New York mwaka 1913 kwa kosa la riba. Lakini kumfunga mtu mmoja hakukutosha.

Mwaka 1907 mjane wa tajiri Russell Sage alianzisha shirika lenye jina la mumewe, nalo likachunguza biashara hiyo. Mwaka 1916 likasaidia kutoa mfano wa sheria, na majimbo mengi yakaufuata baadaye. Mikopo isiyopita dola 300 iliruhusiwa, kwa riba isiyozidi 3.5 kwa mia kila mwezi, na mkopeshaji sharti awe na kibali. Aliyejidai kununua mshahara alihesabiwa kuwa mkopeshaji kama wengine. Tena hakuweza kudai kwa bwana wa kazi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mshahara. Na mdeni akiwa na mke, mke naye sharti atie sahihi. Twaona hekima yake: mshahara ni chakula cha nyumba nzima, basi mama wa nyumba asifichwe.

Wengine walitafuta dawa kwa njia ya ujirani. Mwaka 1908, huko Manchester katika New Hampshire, padre Pierre Hevey wa parokia ya Mtakatifu Maria alianzisha chama cha akiba na mikopo, akisaidiwa na Alphonse Desjardins wa Kanada. Wanachama walikuwa wafanyakazi wa viwanda waliosema Kifaransa. Kilikuwa chama cha kwanza cha namna hiyo katika Marekani, nacho kingali hai.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki wazi. Katika Wisconsin mkopeshaji aliweza kuzuia mshahara wa mtu kabla shauri halijasikilizwa. Mwanamke mmoja wa huko alidaiwa dola 420. Mshahara wake uliokuwa kwa bwana wa kazi ulikuwa dola 63 na senti 18, na nusu yake ikazuiwa, naye hajapewa nafasi ya kujitetea. Shauri lilifika Baraza Kuu la Hukumu, na mwezi wa Juni 1969 likaamua kwamba haifai: mtu aarifiwe na kusikilizwa kwanza. Sheria ya mwaka 1968 ilikuwa imekwisha weka mpaka: kwa deni la kawaida, kisichukuliwe zaidi ya robo ya mshahara unaobaki baada ya kodi, wala mtu asifukuzwe kazi kwa ajili ya deni moja. Mwaka 1984 tume ya biashara ya serikali ikakataza ile karatasi ya zamani ya kutoa mshahara, ila kwa njia chache, kama vile mdeni akiwa na uwezo wa kuifuta wakati wowote.

Je, mambo yakaisha? Hapana. Tangu miaka ya 1990 mikopo ya kungojea siku ya mshahara imeenea tena. Mtu akopa dola 100, na baada ya majuma mawili alipe 115. Akikosa, atoa 15 ili apewe majuma mawili mengine. Akifanya hivyo mara sita amekwisha toa dola 90, naye angali akidaiwa 100. Mwaka 2011 tume ile ilishitaki kampuni moja ya South Dakota kwa kuwapelekea mabwana wa kazi barua zilizofanana na barua za serikali, ili wakate mishahara pasipo amri ya hakimu. Mwaka 2014 shauri likaisha kwa mapatano, na kampuni ikakubali kulipa fedha.

Wazee husema: kukopa harusi, kulipa matanga. Tena husema: dawa ya deni ni kulipa. Yote mawili ni kweli, wala hatumfundishi mtu kukimbia deni lake. Lakini kudai ni neno moja, na kunyang'anya ni neno lingine. Basi anayeletewa karatasi ya kukata mshahara aulize kwanza: imetoka kwa hakimu gani? Na anayetaka kukopa aisome karatasi yote pamoja na mkewe, kabla kalamu haijaigusa.