Kipimo cha Mtu: Tanzia ya Mafanikio na Azimio la Arusha

Katika tanzia za kale, aliyeanguka jukwaani alikuwa mfalme au shujaa, kwani iliaminika kwamba kishindo cha mtu mdogo hakiwezi kuutikisa ukumbi. Tarehe 10 Februari 1949, mjini New York, Arthur Miller aliikanusha imani hiyo. Mhusika mkuu wa tamthilia yake, Death of a Salesman, ni Willy Loman, mzee wa miaka 63 anayezunguka miji kwa miji na mikoba yake, akiiuzia kampuni bidhaa. Maisha yake yote ameamini kwamba mtu anayependwa na watu hashindwi, na kwamba kushinda ni kuuza, kumiliki na kuonekana. Uzeeni kampuni inamwachisha kazi. Akiwa na hakika kwamba thamani yake iliyosalia ni fedha za bima tu, anajiua kwa gari lake ili mwanawe Biff apate mtaji. Wanaomzika wanahesabika kwa vidole, na siku hiyo hiyo mkewe amemaliza kulipa deni la nyumba.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki ana jambo lake la kulitazama katika tamthilia hiyo. Loman ana kaka aitwaye Ben, ambaye huja mawazoni mwake kama mzuka. Ben ndiye kielelezo cha mafanikio: aliingia msituni akiwa na miaka 17, akatoka tajiri akiwa na miaka 21, na utajiri huo aliupata katika almasi za Afrika. Hakuna Mwafrika hata mmoja katika masimulizi ya Ben. Msitu upo, almasi zipo, watu hawapo. Ndoto inayomwangamiza mzee wa Brooklyn imejengwa juu ya ardhi ya watu wengine, na mwenye kuiota hajui, wala haulizi.

Miaka mitatu baadaye, mji huo huo wa New York ulimpokea mtu aliyetoka katika Afrika ile ambayo Ben hakuiona. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Wameru walichangishana fedha, wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, akaseme mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 alisema. Hoja ilipofikishwa katika Baraza Kuu haikupata theluthi mbili za kura, naye akarudi nyumbani bila ardhi. Kwa kipimo cha Loman, mtu huyo alisafiri mbali na hakuuza kitu. Kwa kipimo cha waliomtuma, alirudi akiwa na heshima yake timamu, na kesi ya ardhi ya Meru ikawa miongoni mwa mambo yaliyoamsha siasa za uhuru Tanganyika. Vipimo viwili vya mtu, basi, vilikuwa vimekwisha kukutana kabla ya Uhuru: kile kinachouliza mtu amepata nini, na kile kinachouliza amewatendea nini wenzake.

Haikuwa ajabu kwamba suala hilo lilirudi chini ya mlima ule ule. Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Watu hulikumbuka kwa kutaifisha mabenki na viwanda. Lakini sehemu iliyogusa roho ya mtu mmoja mmoja ni ile ya masharti ya uongozi. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili na kumiliki nyumba ya kupangisha. Ukiyasoma masharti hayo kwa jicho la msomaji wa tamthilia, utaona kwamba ni orodha ya vitu ambavyo tabaka jipya lililotokana na Uhuru lilikuwa limeanza kuviita mafanikio. Azimio lilijaribu kumtoa Ben katika mawazo ya viongozi.

Historia ina kejeli zake. Mwaka huo huo wa 1967, katika vilima vya Mererani, kusini-mashariki ya mji wa Arusha, liligunduliwa jiwe la buluu lisilopatikana penginepo duniani. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jina la tanzanaiti. Arusha ikawa imezaa mapacha: azimio la kumwonya mtu asipimwe kwa mali, na jiwe la kumfanya tajiri kwa siku moja.

Washairi waliitwa kulitangaza Azimio. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba wafanye kazi hiyo, na Mathias Mnyampala, kwa chama cha UKUTA, akaikuza ngonjera. Mpenzi wa ushairi anaijua tabia ya utungo huo. Wawili wanabishana kwa beti, mmoja ana haki na mwingine amepotoka. Mwishoni aliyepotoka anakiri, na wote wanamaliza kwa sauti moja. Ngonjera ilikuwa na imani kubwa kwamba mtu akielezwa vema ataelewa, na akielewa atabadilika.

Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya kusini, hakuipata faraja hiyo. Katika Mashetani, tamthilia iliyochapwa mwaka 1971, vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo chini ya mbuyu. Juma ni Shetani, Kitaru ni Binadamu, na Binadamu anamuua Shetani. Ushindi huo haumponyi Kitaru. Unamwachia ugonjwa wa roho. Kitaru ni mtoto wa familia iliyopanda baada ya Uhuru. Juma ni wa ukoo uliokuwa nacho Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964, na bibi yake angali anaishi katika enzi iliyopita. Mmoja anaumwa na alichopata, mwingine anaumwa na alichopoteza. Husuda na hofu vinapoingia kati yao, urafiki haurudi ulivyokuwa. Hakuna anayekiri kwa ubeti wa mwisho, na hakuna sauti moja. Hussein alikwisha kuona kwamba nyumba inaweza kutaifishwa, lakini jicho linalompima mtu kwa nyumba yake halitaifishwi.

Yaliyofuata yalimpa haki. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti ya Arusha: hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha vikawa halali kwa kiongozi. Lililoazimiwa mlimani liliazimuliwa kisiwani. Wepesi wa badiliko hilo ulionyesha kwamba wengi walikuwa wameyatii masharti bila kukibadili kipimo.

Huko Mererani, ambako tangu 2002 kumo katika Mkoa wa Manyara, vijana waitwao wanaapolo waliendelea kushuka mashimoni. Mwaka 1998, na tena 2008, mafuriko yaliingia migodini na kuua makumi ya wachimbaji. Juni 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili makubwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, naye akasema atajenga shule. Jina lake lilienea dunia nzima. Majina ya waliozama hayajulikani nje ya familia zao. Hivyo ndivyo ndoto ya Ben inavyofanya kazi: humhesabu mmoja aliyetoka, na kuwasahau waliobaki chini.

Wahenga walisema maskini na mwanawe, tajiri na mali yake. Loman alikuwa maskini aliyekuwa na wana wawili, akawatazama kwa macho ya tajiri, asiwaone. Biff hakuhitaji bima ya baba, alihitaji baba. Kosa la mzee huyo halikuwa umaskini, wala halikuwa kutaka makubwa. Kosa lake lilikuwa kukubali kwamba mtu asiye na kitu si mtu. Kirilo Japhet alirudi Meru mikono mitupu, na hakuna aliyemwambia hivyo.