Insulini, Usukani na Sharia

Insulini ilipodungwa kwa mara ya kwanza katika mwili wa kijana Leonard Thompson, mjini Toronto, mwezi wa Januari 1922, magari yalikuwa yamekwisha enea Amerika ya Kaskazini. Basi watu ambao kisukari kingaliwaua upesi walirudi kazini, wakashika usukani kama walimwengu wengine, wakichukua hatari ambayo matabibu wa zamani hawakuijua: kwamba dawa ile ile iliyowahuisha, ikizidi kipimo au chakula kikichelewa, huishusha sukari ya damu hata dereva akatokwa na jasho, akatetemeka, na mwisho akapotewa na fahamu naye yu mwendoni.

Dalili ya kumwonya angeipata wapi? Kipimo cha nyumbani kilikuwa mkojo. Mgonjwa alidondosha matone machache katika dawa ya buluu ya Benedict, akaichemsha, kisha akangojea rangi: kijani, manjano, hata wekundu wa tofali, kwa kadiri sukari ilivyozidi. Walakini buluu isiyobadilika, ambayo ndiyo iliyompa faraja, haikuwa na yakini yoyote, kwani figo aghalabu hazipitishi sukari mpaka ile ya damu ivuke miligramu 180 hivi kwa desilita. Aliye salama na aliye karibu kuzimia walipata jawabu moja.

Kwa sababu hiyo siwalaumu sana Wamarekani ambao, mapema katika miaka ya 1970, waliwakataza wadungao insulini kuendesha malori baina ya majimbo. Ajabu ni Uingereza, iliyowafungia mlango huo waombaji wapya mwaka 1991, ilhali vipimo vidogo vya tone la damu la kidoleni vilikwisha ingia majumbani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilipita miaka 20 ndipo ikaufungua, mwaka 2011. Marekani ikaondoa katazo lake mwaka 2018, ikitaka hati ya tabibu na kumbukumbu za vipimo za miezi mitatu.

Huko Uingereza dereva wa insulini leo hupima sukari ya damu katika muda wa saa mbili kabla ya safari, na kila saa mbili akiwa njiani. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita hula kitu. Ikiwa chini ya 4 haendeshi, bali hula, hungoja sukari irudi sawa, kisha huketi dakika 45 nyingine, kwa kuwa akili huchelewa kupona kuliko damu.