Harley Street: Mtaa wa London uliogeuka jina la tiba ya gharama

Mtanzania akiambiwa mgonjwa amepelekwa Muhimbili, anaelewa bila kuuliza kwamba ugonjwa ni mzito na hospitali za chini zimetoa rufaa. Waingereza nao wana jina la aina hiyo, ila lao linahusu zaidi fedha. Wakisema mtu anatibiwa Harley Street, wanamaanisha anaonwa na daktari bingwa wa binafsi, na analipa kwa fedha zake au kwa bima. Mtaa mmoja wa London ulipataje maana hiyo? Na anayelipa ananunua nini hasa?

Mtaa wenyewe

Harley Street uko Marylebone, katikati ya London. Unaanzia Cavendish Square na kwenda kaskazini hadi barabara kubwa ya Marylebone. Jina limetokana na Edward Harley, lodi wa Oxford, ingawa ardhi ilikuwa urithi wa mkewe, Henrietta. Mitaa hiyo ilijengwa katika karne ya 18, na nyumba zake ndefu za ghorofa zilikusudiwa watu wenye uwezo. William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne, aliwahi kuishi nyumba namba 73.

Tiba ilifika baadaye, na mwanzo wake haukuwa wa anasa. Mwaka 1853 Florence Nightingale alianza kusimamia hospitali ndogo ya hisani katika mtaa huo. Ilikuwa ya wanawake wagonjwa waliotoka familia za heshima lakini walioishiwa, wakiwemo waliofundisha watoto majumbani kwa matajiri. Aliondoka Oktoba 1854 kwenda kuwauguza askari wa vita vya Crimea, kazi iliyompa jina duniani.

Madaktari walifuata nini?

Walifuata wagonjwa wenye fedha, waliokuwa wakiishi jirani. Vituo vya reli vya Euston, King's Cross na Paddington navyo havikuwa mbali, kwa hiyo tajiri wa mkoani aliweza kushuka kwenye treni na kufika haraka. Nyumba zenyewe zilifaa: daktari aliishi ghorofa za juu na familia yake, akawaona wagonjwa chini, na chumba cha kulia chakula kikawa cha kusubiria.

Mwaka 1860 kulikuwa na madaktari wapatao 20. Kufikia 1900 walikuwa 80 hivi, na 1914 walikaribia 200. Mwaka 1912 Chama cha Kifalme cha Tiba kilihamia Wimpole Street, mtaa wa pili yake. Kila daktari aliyehamia alizidi kulikuza jina. Sehemu kubwa ya eneo hilo pia ilikuwa ya mwenye ardhi mmoja. Hadi leo kampuni ya familia ya Howard de Walden inamiliki ekari 90 hivi na kuzipangisha, na kliniki ni miongoni mwa wapangaji wake wakubwa.

Kwa nini haukufa mwaka 1948?

Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilianzisha mfumo wa taifa wa afya, NHS, ambao mgonjwa hatozwi fedha anapomwona daktari au kulazwa. Wakati huo Harley Street na mitaa ya jirani ilikuwa na madaktari wapatao 1,500. Nani angelipia kitu kinachotolewa bure?

Jibu liko kwenye makubaliano ya kuanzisha NHS. Waziri wa Afya, Aneurin Bevan, aliwahitaji madaktari bingwa, nao wengi hawakutaka kuwa waajiriwa wa serikali tu. Akawaruhusu kufanya kazi hospitali za umma kwa mshahara na kubaki na wagonjwa wao wa binafsi. Hivyo bingwa anaweza kuwa hospitali ya umma asubuhi, na jioni akawa Harley Street. Mara nyingi anayelipa anakutana na daktari yuleyule. Kinachobadilika ni foleni, chumba cha peke yake na uhuru wa kuchagua nani amtibu.

Si kila mgonjwa maarufu anayepelekwa London huishia kwenye mitaa hiyo. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki dunia Oktoba 14, 1999, alikuwa amelazwa Hospitali ya St Thomas', ng'ambo ya Mto Thames kutoka Bunge la Uingereza. Hiyo ni hospitali ya umma, na ndiko Nightingale alikoanzisha shule yake ya wauguzi mwaka 1860.

Anwani haimpimi daktari

Vyumba vingi vya Harley Street hukodishwa kwa saa au kwa siku, kwa hiyo anwani kwenye kadi haithibitishi ujuzi. Lionel Logue, Mwaustralia aliyemsaidia Mfalme George wa Sita kushinda kigugumizi, alikuwa na ofisi namba 146 bila kuwa na shahada ya udaktari. Yeye alisaidia kweli, lakini mtaa wenyewe haukuwa ushahidi wa hilo.

Uingereza, daktari hukaguliwa kwenye daftari la Baraza la Madaktari, GMC, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bure mtandaoni. Kliniki zilizo England husimamiwa na tume iitwayo CQC, ambayo huchapisha ripoti za ukaguzi. Kwetu, Tanzania Bara ina Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya ina KMPDC.

Hili linawahusu pia wanaochangisha fedha au kuuza kiwanja ili mgonjwa apelekwe nje. Kabla ya kutuma malipo, ulizeni jina kamili la daktari, namba yake ya usajili, hospitali atakayofanyia upasuaji, na gharama yote pamoja na siku za kulazwa. Jina la mtaa peke yake halijibu hata moja kati ya hayo.