Mtihani kwa Kiingereza, Mteja kwa Kiswahili: Historia ya Elimu na Leseni za Wafanyakazi wa Huduma za Fedha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya elimu na leseni za wafanyakazi wa huduma za fedha Afrika Mashariki kwa jicho la lugha. Yanaonesha kwamba kazi hiyo imepita katika vipindi vinne: uanagenzi wa soko la pwani, mitihani ya taasisi za Uingereza, bodi za kitaifa baada ya uhuru, na mamlaka za usimamizi za zama za soko huria. Mwenye mamlaka ya kutambua sifa za mfanyakazi alibadilika mara kwa mara, lakini lugha ya kumpimia haikuwahi kuwa lugha ya mteja tangu mitihani ianze. Makala yanadai kwamba pengo hilo lina gharama, na yanapendekeza namna ya kuliziba.

1.0 Utangulizi

Mfanyabiashara mdogo anakopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, na anaambiwa kwamba riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Ikiwa riba hiyo inakokotolewa juu ya mkopo wote wa awali, atalipa riba ya shilingi 288,000. Ikiwa inakokotolewa juu ya salio linalopungua, huku akirejesha shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi, atalipa shilingi 156,000. Tofauti ni shilingi 132,000, na yote imejificha ndani ya neno moja: riba.

Afisa mikopo aliyefuzu anaifahamu tofauti hiyo kwa sababu aliisoma na kuifanyia mtihani. Hata hivyo, aliisoma kwa Kiingereza, ilhali mteja aliyeketi mbele yake anasubiri maelezo kwa Kiswahili. Uwezo wa kuivusha maarifa hiyo kutoka lugha moja hadi nyingine haupimwi na yeyote. Umeachiwa kipaji na dhamiri ya afisa mwenyewe. Swali la makala haya ni la kihistoria: hali hii ilifikiwaje, katika eneo ambalo lugha yake ya biashara imekuwa Kiswahili kwa muda mrefu?

2.0 Soko la pwani: kazi ya fedha kabla ya cheti

Msamiati wa fedha katika Kiswahili ni mkongwe kuliko benki. Maneno amana, dhamana, rehani, riba, hawala, hisa, hesabu na dalali yana asili ya Kiarabu. Hundi, bima na karani yalifika kwa njia ya biashara na Bara Hindi. Maneno haya hayakuundwa na kamati yoyote ya istilahi. Yaliingia pamoja na shughuli zenyewe, na watu waliyajua kwa kuwa waliyatendea kazi.

Katika Zanzibar ya karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu iliendeshwa kwa mikopo. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, alipata mtaji kutoka kwa mfanyabiashara Taria Topan, na simulizi ya maisha yake aliyoiacha kwa Kiswahili inataja madeni na bidhaa kama mambo ya kawaida ya kazi. Hakukuwa na chuo wala bodi. Kijana alijifunza hesabu dukani, chini ya baba, mjomba au tajiri aliyemwajiri. Leseni yake ilikuwa jina lake: aliyevunja amana alikosa mkopo msimu uliofuata.

Utaratibu huo haupaswi kupambwa. Uliwafungia nje wengi wasiokuwa na ukoo au jamaa sokoni, na mdaiwa mnyonge hakuwa na pa kukata rufaa. Hata hivyo, ulikuwa na sifa moja inayotuhusu hapa: lugha ya kujifunzia kazi na lugha ya kumhudumia mteja hazikuwa mbalimbali sana.

3.0 Mitihani kutoka Uingereza

Taaluma za fedha zenye mitihani na uanachama zilikomaa Uingereza katika karne hiyo hiyo. Chama cha wahasibu wa Edinburgh kilipata hati ya kifalme mwaka 1854; wahasibu wa England na Wales wakapata yao mwaka 1880. Taasisi ya wafanyakazi wa benki iliundwa London mwaka 1879. Muundo wao ulifanana: silabasi moja, mtihani mmoja, orodha ya wanachama, na haki ya kumwondoa mwanachama aliyekiuka maadili.

Muundo huo ulisafiri na benki za kikoloni. National Bank of India ilifungua tawi Zanzibar mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896. Standard Bank of South Africa ilifuata Afrika Mashariki mwaka 1911. Ndani ya ofisi hizo kazi ziligawanywa kwa rangi: Wazungu walishika usimamizi, Waasia walifanya ukarani, na Waafrika kwa sehemu kubwa walikuwa matarishi na walinzi. Mtihani wa London ulikuwa kwa Kiingereza, na ulihusu sheria na desturi za Uingereza. Hapo ndipo maarifa ya fedha yalipoanza kupata makazi mawili: yaliyoandikwa na kuthibitishwa yakakaa katika Kiingereza, yaliyosemwa kaunta na sokoni yakabaki katika Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji.

4.0 Mwaka 1967 na njia mbili zisizokutana

Baada ya uhuru, kila nchi ilitaka kuumiliki mlango wa taaluma. Kenya ilianzisha bodi ya mitihani ya KASNEB mwaka 1969, na Sheria ya Wahasibu ya mwaka 1977 ikaweka msingi wa taasisi ya wahasibu ya ICPAK. Uganda iliunda taasisi yake ya wahasibu kwa sheria ya mwaka 1992.

Mfano wa Tanzania ndio wenye mafunzo zaidi. Siku moja baada ya Azimio la Arusha, yaani tarehe 6 Februari 1967, benki binafsi zilitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Ghafla taifa lilihitaji mameneja, wakaguzi na wahasibu wengi kuliko liliokuwa nao. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kusajili wakaguzi na wahasibu, iliyozaa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu.

Mwaka 1967 ndio pia mwaka wa kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Katika miaka ya 1970 baraza hilo lilichapisha vijitabu vya Tafsiri Sanifu, vilivyokusanya istilahi kwa matumizi ya kazi mbalimbali. Kwa hiyo dola moja, katika kipindi kimoja, ilijenga vyombo viwili: kimoja cha kuidhinisha wataalamu wa fedha, kingine cha kuiandaa lugha ya taifa kwa kazi za kisasa. Njia zao hazikukutana katika chumba cha mtihani. Bodi ilichukua mamlaka kutoka London, lakini ikaiacha lugha ya mtihani ilivyokuwa. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, walimu walisomea Kiingereza, na elimu ya sekondari iliendelea katika Kiingereza. Lakini uamuzi wa dharura ukiachwa bila kupitiwa upya hugeuka desturi.

5.0 Soko huria, mamlaka za usimamizi na mawakala

Miaka ya 1980 na 1990 ilileta sheria mpya. Kenya ilitunga Sheria ya Bima mwaka 1984 na sheria ya masoko ya mitaji mwaka 1989. Tanzania ilifungua sekta ya benki kwa sheria ya mwaka 1991, ikatunga sheria ya masoko ya mitaji mwaka 1994 na ya bima mwaka 1996. Leseni haikumhusu tena mhasibu na mkaguzi peke yao. Ilimfikia dalali wa hisa, mshauri wa uwekezaji na wakala wa bima.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2010 benki za nchi hiyo ziliruhusiwa kutumia mawakala; Tanzania ilitoa miongozo yake ya uwakala wa benki mwaka 2013. Leo mtu wa kwanza anayemweleza mwananchi kuhusu makato, amana au mkopo wa simu mara nyingi ni muuza duka. Wakala huyo hatakiwi kufaulu mtihani wa taaluma. Benki iliyomteua ndiyo inayowajibika kwa matendo yake. Matokeo yake ni mgawanyiko wa ajabu: mwenye elimu iliyopimwa hana lugha iliyopimwa ya kuifafanua, na mwenye lugha ya mteja hana elimu iliyopimwa.

Madhara yake yanaonekana waziwazi katika bima. Mkataba wa bima humtaka mwombaji aeleze ukweli wote unaohusu hatari inayokatiwa bima. Akificha ugonjwa, hata kwa kutoelewa swali, dai lake linaweza kukataliwa. Wajibu huo husomwa darasani kama kanuni ya kisheria. Usipoelezwa kwa lugha anayoielewa mteja, kanuni iliyokusudiwa kulinda uaminifu inageuka mtego.

6.0 Mjadala

Hoja mbili hutolewa kutetea hali iliyopo. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Sehemu ya pili ya makala haya imeonesha kuwa msingi wa istilahi ulikuwapo kabla ya benki ya kwanza. Kinachokosekana ni ukubaliano. Neno riba limebeba makatazo ya dini kwa msikilizaji mmoja na gharama ya mkopo kwa mwingine. Hundi imehama kutoka hati ya biashara ya Bahari ya Hindi hadi karatasi ya benki. Maneno ya namna hii yanahitaji fasili moja inayotambuliwa na vyombo vya leseni.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha vimeandikwa kwa Kiingereza, na mtaalamu anahitaji kuvuka mipaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inataka nchi zitambuane sifa za kitaaluma, na taasisi za wahasibu za ukanda huu zilitia saini makubaliano ya aina hiyo mwaka 2011. Lakini makubaliano hayo yanajumuisha pia Burundi, ambako lugha ya taaluma ni Kifaransa. Ikiwa sifa zinaweza kutambuliwa kati ya Kiingereza na Kifaransa, kuongeza kipimo cha Kiswahili hakuwezi kuwa kikwazo cha kutambuana.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaonesha kwamba leseni ya fedha imekuwa ikijibu swali la nani anajua. Haijauliza kama anayejua anaweza kueleweka. Makala haya hayapendekezi kufuta mitihani ya Kiingereza. Yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, bodi na mamlaka za usimamizi ziongeze sehemu moja ya mtihani, ambamo mtahiniwa anafafanua kwa Kiswahili mkopo, bima au uwekezaji kwa mteja wa kawaida, na kuonesha gharama yake yote kwa tarakimu. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vyombo hivyo kuandaa fasili chache za lazima, ikianza na riba, dhamana na wajibu wa kueleza ukweli. Tatu, mafunzo ya mawakala yatolewe kwa Kiswahili na yaishie kwa kipimo, hata kiwe kifupi.

Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, jambo ambalo kwa muda mrefu lilidaiwa kuwa haliwezekani. Chumba cha mtihani wa fedha ni kidogo kuliko mahakama. Mkopaji wa shilingi 1,200,000 anastahili kujua, kabla ya kutia saini, kama anakwenda kulipa riba ya 156,000 au 288,000.