Vifo vya wazee Zanzibar: namna ya kulinganisha takwimu za miaka tofauti

Je, wazee wa Zanzibar wanafariki kwa wingi zaidi leo kuliko miaka kumi au ishirini iliyopita? Swali hili huulizwa msikitini, barazani na katika vikao vya shehia, hasa pale maziko yanapofuatana katika mtaa mmoja. Ni swali la haki, na jibu lake linagusa bajeti ya afya, pensheni jamii na mipango ya matunzo. Hata hivyo, halijibiki kwa kuhesabu majeneza. Makala haya yanaeleza namna vifo vya wazee vinavyolinganishwa kati ya mwaka mmoja na mwingine, makosa yanayojitokeza mara kwa mara, na nafasi ya mwananchi katika kupata jibu la kweli.

Mzee ni nani katika takwimu

Kwa mujibu wa sera za nchi yetu, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza kutolewa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mwezi Aprili 2016, inawahusu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Makundi haya mawili yasichanganywe. Kiwango cha vifo cha wenye miaka 70 na zaidi lazima kiwe kikubwa kuliko cha wenye miaka 60 na zaidi, na tofauti hiyo haina uhusiano wowote na kuporomoka au kuimarika kwa huduma.

Wazee wenyewe nao hubadilika. Mtu aliyezaliwa mwezi Julai 1951, wakati wa Vita vya Ng'ombe, alikuwa ametimiza miaka 61 Sensa ya 2012 ilipofanyika, na hivyo alikuwa ndiyo kwanza ameingia katika uzee. Sensa ya 2022 ilimkuta na miaka 71. Kila sensa, kwa hiyo, huwakuta wazee wa rika jingine, waliokulia katika mazingira mengine ya lishe, maradhi na matibabu.

Idadi ya vifo na kiwango cha vifo

Kosa la kwanza ni kulinganisha idadi ya vifo bila kutazama idadi ya watu. Sensa ya Watu na Makazi ya 2012 iliihesabu Zanzibar kuwa na watu 1,303,569. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,889,773, ambalo ni ongezeko la takriban asilimia 45. Katika Mkoa wa Mjini Magharibi idadi ilipanda kutoka watu 593,678 hadi 893,169, yaani kwa karibu nusu. Watu wakiongezeka kiasi hicho, vifo navyo vitaongezeka hata kama hali ya afya haikubadilika kabisa.

Ndiyo maana wataalamu hutumia kiwango: idadi ya vifo vya mwaka kwa kila wazee 1,000 waliokuwa hai. Juu ya mstari huwekwa vifo, na chini ya mstari huwekwa wazee. Nambari zote mbili zikiwa sahihi, kiwango huwa sahihi. Moja ikikosewa, kiwango chote hupotosha.

Umri ndani ya uzee

Kosa la pili ni la hila zaidi, nalo huweza kumpotosha hata msomaji makini. Wazee wote si wa umri mmoja. Mwenye miaka 62 na mwenye miaka 88 wote huitwa wazee, lakini uwezekano wao wa kufariki ndani ya mwaka hautofautiani kidogo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wilaya moja. Katika mwaka wa kwanza, wilaya hiyo ina wazee 3,000: wenye miaka 60 hadi 69 ni 2,000, na wanafariki 40, wenye miaka 70 hadi 79 ni 800, na wanafariki 40, wenye miaka 80 na zaidi ni 200, na wanafariki 30. Jumla ya vifo ni 110, sawa na 36.7 kwa kila wazee 1,000.

Baada ya miaka kadhaa, kundi la kwanza bado lina watu 2,000, na vifo vimeshuka hadi 30. Kundi la pili limefikia watu 1,500, wenye vifo 60. Kundi la tatu limefikia watu 1,000, wenye vifo 120. Jumla ya wazee ni 4,500 na vifo ni 210, sawa na 46.7 kwa kila wazee 1,000.

Atakayetazama jumla pekee atasema hali imeharibika. Lakini tukitazama kundi kwa kundi, ukweli ni kinyume chake: kwa kila watu 1,000, vifo vimeshuka kutoka 20 hadi 15 katika kundi la kwanza, kutoka 50 hadi 40 katika la pili, na kutoka 150 hadi 120 katika la tatu. Jumla imepanda kwa sababu watu wengi zaidi wameishi hadi kufikia umri mkubwa.

Ili kuondoa upotofu huo, hukokotolewa kiwango kilichosawazishwa kwa umri. Viwango vya mwaka wa pili hutumiwa juu ya mgawanyo wa umri wa mwaka wa kwanza. Katika mfano wetu tunapata vifo 30, 32 na 24, jumla 86 kwa wazee 3,000, sawa na 28.7 kwa kila 1,000. Hiyo ndiyo nambari inayostahili kulinganishwa na 36.7. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mgawanyo wa umri wa pamoja unaotumika kulinganisha nchi mbalimbali kwa njia hiyo hiyo.

Tahadhari moja inafaa hapa. Katika shehia yenye wazee wachache, vifo vitatu au vinne zaidi katika mwaka mmoja vinaweza kuwa vimetokea kwa sadfa tu. Ulinganisho wa maeneo madogo hufanywa kwa kujumlisha vifo vya miaka kadhaa.

Umri unaokadiriwa

Wazee wengi walizaliwa nyumbani bila cheti. Umri wao hukumbukwa kwa matukio: mgomo wa mwaka 1948, kifo cha Sultani Khalifa bin Harub mwaka 1960, au Mapinduzi ya Januari 1964. Palipokosekana kumbukumbu, familia hutaja umri unaoishia na sifuri au tano: sitini, sabini na tano, tisini.

Jambo hili lina athari. Mzee aliyeandikwa katika sensa kuwa na miaka 78, kisha akatajwa siku ya msiba kuwa na miaka 90, anahesabiwa miongoni mwa wazee walio hai katika kundi moja, na miongoni mwa vifo katika kundi jingine. Makosa ya namna hiyo yakiwa mengi, kiwango cha vifo cha wenye miaka 80 na zaidi hukuzwa, na cha wenye miaka ya sabini hupunguzwa.

Kifo kisichohesabiwa

Tafiti nyingi za afya haziwafikii wazee. Utafiti wa Hali ya Uzazi na Afya wa Tanzania wa 2022 ulionyesha kuwa vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kutoka 67 katika utafiti wa 2015–16. Taarifa hiyo ilitokana na mahojiano na wanawake wa miaka 15 hadi 49 kuhusu watoto waliowazaa, na mahojiano ya namna hiyo hayawezi kueleza vifo vya wazee. Utafiti wa maradhi yasiyoambukiza uliofanyika Zanzibar mwaka 2011, ambao ulikuta takriban theluthi moja ya waliopimwa wana shinikizo la juu la damu, uliwahusu watu wa miaka 25 hadi 64.

Sensa huuliza kila kaya kuhusu vifo vya miezi 12 iliyotangulia. Lakini mzee aliyekuwa akiishi peke yake anapofariki, kaya yake hufungwa. Karani akifika hakuti wa kumjibu, na kifo hicho hakionekani popote.

Kinachobaki ni usajili wa vifo. Kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya 2018. Kifo kinachotokea hospitali huacha kumbukumbu. Kifo kinachotokea nyumbani, ambapo maziko hufanyika siku hiyo hiyo au siku inayofuata, hutegemea familia na sheha. Usajili ukiimarika, idadi ya vifo vilivyoandikwa hupanda ghafla ingawa waliofariki hawakuongezeka. Anayelinganisha miaka hana budi kuuliza kwanza ni sehemu gani ya vifo iliyosajiliwa katika kila mwaka.

Mahali pa kifo si makaazi ya marehemu

Wagonjwa kutoka Nungwi, Makunduchi na hata Pemba hupelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyo jirani na Mji Mkongwe. Vifo vikipangwa kwa mahali vilipotokea, Wilaya ya Mjini itaonekana kuwa na vifo vingi kupita kiasi, na wilaya za mashamba zitaonekana salama kuliko zilivyo. Vivyo hivyo, shehia zenye makaazi ya wazee, kama vile ya Sebleni na Welezo, hazilinganishwi na shehia nyingine bila kulizingatia jambo hilo. Kanuni ni kupanga vifo kwa makaazi ya kawaida ya marehemu.

Kwa nini sababu ya kifo iandikwe

Neno "uzee" si sababu ya kifo inayosaidia kupanga huduma. Mradi uliofuatilia vifo vya watu wazima katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kuanzia mwaka 1992 uliwahoji ndugu wa marehemu kuhusu dalili za mwisho. Kwa njia hiyo ulibainisha kuwa vifo vya kiharusi, baada ya kuzingatia umri, vilikuwa juu kuliko vya Uingereza na Wales. Kabla ya hapo wengi waliamini kuwa kiharusi ni maradhi ya nchi tajiri.

Usajili wa haraka nao huokoa maisha. Mwezi Agosti 2003 joto kali liliikumba Ufaransa, na takriban watu 15,000 zaidi ya kawaida walifariki, wengi wao wazee. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kulinganisha vifo vya siku hizo na vya miaka iliyotangulia, na ndiyo iliyozaa mfumo wa tahadhari ya joto nchini humo.

Wajibu wa mwananchi

Familia inapofiwa na mzee nyumbani, inashauriwa kumjulisha sheha na kukamilisha usajili katika ofisi ya wilaya, ikiwa na kitambulisho cha marehemu ili umri uandikwe kama ulivyo. Itaje shehia alikoishi, na dalili au maradhi aliyokuwa nayo. Cheti cha kifo kitahitajika katika masuala ya mirathi mbele ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Taarifa ya kifo huwezesha pia orodha ya Pensheni Jamii kubaki sahihi. Pensheni hiyo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Fedha inayotoka kwa jina la aliyekwishatangulia mbele ya haki ni fedha isiyomfikia mzee aliye hai.

Na pale takwimu mpya za vifo vya wazee zitakapotangazwa, msomaji ajiulize mambo manne kabla ya kuhukumu: je, ni idadi au kiwango, je, umri umesawazishwa, je, usajili wa miaka inayolinganishwa ulikuwa na ukamilifu unaokaribiana, na je, vifo vimepangwa kwa makaazi ya marehemu. Majibu ya maswali hayo yakikosekana, ulinganisho huo bado haujakamilika.