Kijibwa anapobalehe: mambo ambayo mfugaji atarajie

MFUGAJI anayeleta kijibwa nyumbani mjini Kisumu, iwe ni mtaani Nyalenda au ufuoni Dunga, hupata miezi michache tu ya utulivu. Kuanzia mwezi wa nne hivi, meno 28 ya utotoni huanza kung'oka na kupisha 42 ya kudumu, na shughuli hiyo hukamilika karibu mwezi wa saba. Wakati huo kijibwa hutafuna ndara, kamba na hata nyavu zilizoanikwa. Si ukaidi; ni fizi zinazomsumbua. Asipewe mabaki ya mgongo wazi, kwani miiba yake huweza kumkwama kooni.

Balehe huja kati ya mwezi wa sita na wa 12. Jike hutokwa na damu na hali hiyo ya joto huendelea kwa takriban majuma matatu. Madume ya jirani hukesha langoni. Akipandwa, huzaa baada ya siku 63 hivi. Dume naye huinua mguu akikojoa, hugombana na huanza kuzurura. Amri alizozitii akiwa mdogo sasa huzipuuza, maana mwili umetangulia akili. Kumchapa humfanya mwoga au mkali. Afadhali mafunzo mafupi ya kila siku, na kumhasi kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Kuzurura huku ndiko kwenye hatari kubwa. Matumbo ya samaki yanayotupwa ufuoni huwavuta mbwa wa boma nyingi mahali pamoja, nao huumana. Kisumu na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti tano za kwanza katika mpango wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, wa 2014 hadi 2030, unaolenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Hata hivyo, vijibwa waliozaliwa baada ya kampeni hawana kinga yoyote, nao ndio wanaochezewa na watoto. Chanjo hutolewa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mgonjwa kupona.

Mbwa wengi wa kienyeji hutulia wakikaribia miezi 18. Wale wa aina kubwa, kama mbwa wa Kijerumani wanaolinda mitaa ya Milimani, huweza kuchukua miaka miwili.