Mume Kenda Vitani, Nani Anabisha Hodi Nyumbani Kwake?



Biharusi anayeolewa na mwanajeshi huja dukani kwetu na maswali ya mabiharusi wote: hina, kitambaa, ukumbi, rangi ya nguo za ndugu. Halafu tukishamaliza kumpima, tukabaki wawili watatu ndani, huuliza swali lake mwenyewe. Akipangiwa safari, mimi nitakaa vipi? Tangu jeshi letu lianze kupeleka vikosi vya kulinda amani Darfur, Lebanon na Kongo, swali hili limeingia nyumba nyingi za visiwani, na zamu moja huweza kufika mwaka. Jibu analopewa ni neno moja: subiri. Anaambiwa na mama, anaambiwa na wifi, anaambiwa na somo wake.

Sisi hatuna ugomvi na subira. Lakini tukirudi kwenye historia ya Madina, mji ambao wanaume wake walikuwa wakitoka vitani mara kwa mara, tunakuta kwamba mke wa askari hakuachiwa subira peke yake. Waliobaki walikuwa na kazi juu yake, na kazi zenyewe zinajulikana: kukamua mbuzi, kwenda sokoni, kusoma barua. Tuseme mapema kwamba hatulinganishi vita vya Mtume (s.a.w.) na zamu za siku hizi, hayo yana wenyewe. Tunachotazama ni nyumba iliyobaki nyuma.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Zayd bin Khalid al-Juhani mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayemwandalia mpiganaji zana zake anahesabiwa amepigana, na anayemwangalia vizuri mpiganaji huyo kwa watu wake wa nyumbani naye anahesabiwa amepigana. Tuangalie hapo. Kuangalia nyumba ya askari hakukuwekwa upande wa sadaka, ukitaka unatoa, usipotaka unaacha. Kumewekwa ndani ya vita vyenyewe. Na wanaume waliobaki mjini walionywa kwa ukali mkubwa: heshima ya wake wa waliotoka ni kama heshima ya mama zao, na atakayemfanyia hiyana mwenzake kwa mkewe, Siku ya Kiyama huyo aliyefanyiwa ataachiwa achukue katika mema yake kiasi anachotaka. Kwa hiyo mke alitakiwa kusaidiwa bila kuguswa jina lake. Anayeishi mtaani kwetu, ambako mwanamume akileta kilo mbili za mchele kwa mke wa mtu maneno yanaanza kabla mchele haujatekota, anajua kwa nini mambo haya mawili yalifundishwa yote.

Mfano wake upo. Khabbab bin al-Aratt, yule mfua chuma aliyeteswa Makka kwa sababu ya Uislamu, alitoka na kikosi akaacha watu wake na mbuzi. Binti yake ndiye aliyesimulia kwamba katika siku hizo Mtume (s.a.w.) alikuwa akija mwenyewe kuwaangalia na kuwakamulia mbuzi wao, katika bakuli kubwa, likijaa mpaka linamwagika. Khabbab aliporudi akakamua yeye, maziwa yakarudi kiasi chake cha zamani. Wasimulizi hutaja kisa hiki kwa ajili ya ile baraka. Sisi tunamtazama aliyeinama kwenye mbuzi. Alikuwa kiongozi wa mji na amiri wa jeshi, na hakutuma kijana.

Zamani hizo lakini Madina ilikuwa ndogo na safari nyingi zilikuwa za wiki chache. Mambo yalibadilika katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), mwaka wa 13 hadi 23 Hijria, yaani 634 hadi 644. Majeshi yalifika Sham, Iraq, Uajemi na Misri. Kutoka Madina mpaka Damascus ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa ngamia na farasi. Mke aliyemuaga mumewe hakujua kama atamwona baada ya mfungo mmoja au mitatu.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alikuwa akizunguka kwenye milango ya wanawake ambao waume zao wako mbali. Husimama nje, husalimu, huuliza kama kuna haja yoyote ya sokoni, kwa sababu hakupenda wapunjwe katika kuuza na kununua. Wanawake walituma vijakazi wao wafuatane naye, na asiye na pesa alinunuliwa kwa pesa ya khalifa. Barua zikija kutoka vitani alizipeleka nyumbani kwa mkono wake. Mwenye msomaji alisomewa na mtu wake. Asiye naye aliambiwa asogee karibu na mlango, khalifa asimame nje amsomee. Kisha akawaambia mjumbe anaondoka siku fulani, na akapita tena na karatasi na wino kukusanya majibu. Mlango ulikuwa katikati muda wote. Hakuna aliyeingia ndani ya nyumba ya mtu.

Siku hizi simu imechukua nafasi ya barua, alhamdulillah. Lakini simu haiendi benki kumfuatilia mke mshahara uliokwama, wala haipandi boti na mtoto mgonjwa kwenda Unguja.

Sasa kisa ambacho kila biharusi wa askari angetakiwa kukijua. Usiku mmoja katika kuzunguka kwake Sayyidna Umar alimsikia mwanamke nyumbani kwake akijisemea mashairi. Usiku ni mrefu, kipenzi chake hayupo, na kama si kumuogopa Mungu na kuona haya, kitanda hicho kisingekuwa salama. Khalifa aliuliza habari zake akaambiwa mumewe yuko jeshini. Akaenda kwa binti yake, Bi Hafsa, mjane wa Mtume (s.a.w.). Akamuuliza mwanamke anaweza kumstahimilia mumewe muda gani. Bi Hafsa aliona haya, akainamisha kichwa. Baba yake akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki. Ndipo akamjibu. Riwaya zinatofautiana, nyingine zinataja miezi minne, nyingine zinafika sita. Sayyidna Umar akaandika amri kwa makamanda wake kwamba askari wasizuiliwe zaidi ya muda huo. Katika riwaya ya miezi sita hesabu yake ni hii: mwezi mmoja wa kwenda, minne ya kukaa huko, mwezi mmoja wa kurudi.

Bi Hafsa hakuwa akisema kwa kubahatisha. Kabla ya kuolewa na Mtume (s.a.w.) alikuwa mke wa Khunays bin Hudhafa, mmoja wa watu wa Badr, na akafiwa naye angali kijana.

Tunachokipenda katika kisa hiki ni kile ambacho khalifa hakufanya. Hakumgongea yule mwanamke kumkemea. Hakumtafutia mtu wa kwenda kumpa mawaidha ya subira. Wala hakuona kwamba kusema hamu ya mumewe, usiku, ndani ya nyumba yake, ni upungufu wa dini. Mungu alikuwa ametajwa katika shairi lenyewe, na ndiye aliyemzuia. Alibadilisha mpango wa jeshi la dola nzima, tena wakati dola ina vita pande zote. Mafakihi walikitumia kisa hiki baadaye. Imam Ahmad bin Hanbal alipoulizwa mume anaweza kuwa mbali na mkewe muda gani, alitaja miezi sita, na Ibn Qudama amelieleza jambo hili katika al-Mughni. Zamu ya mwaka ina mjadala wake na udhuru wake, mke akiridhia ni jambo jengine, na hukumu ya kila nyumba aulizwe sheikh. Ila swali la muda ni la mke kuuliza, na mahali pake ni kabla ya nikaha, mbele ya walii, wakati bado watu wanasikilizana. Tumeona posa ambazo mahari yamezungumzwa jioni tatu, na safari ya bwana harusi ikatajwa siku ya kuchukua nguo.

Pesa nazo zilipangwa. Sayyidna Umar alianzisha diwani, daftari la majina na mafungu ya askari na watu wao. Mwanzo mtoto aliandikiwa fungu akishaachishwa ziwa. Usiku mmoja alimsikia mtoto analia bila kunyamaza, akamuuliza mama. Mama, bila kujua anasema na nani, akajibu kwamba anamwachisha mapema kwa sababu Umar hawapi fungu wanaonyonya. Alfajiri ile watu hawakusikia vizuri kisomo chake kwa kilio. Akatangaza kwamba kila mtoto wa Kiislamu ana fungu tangu kuzaliwa.

Kurudi pia kulikuwa na adabu yake, na hapa anaingia Jabir bin Abdullah. Baba yake aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria, 625, akaacha deni na mabinti wengi. Jabir, kijana, akaoa mwanamke aliyewahi kuolewa ili awalee wale dada zake na kuwachana nywele. Wakirudi safari moja ya vita, bado bwana harusi mpya, ngamia wake amechoka, Mtume (s.a.w.) akamwambia amuuzie ngamia huyo. Wakapatana bei. Walipofika Madina Jabir akaenda kuchukua pesa zake, akalipwa na kuzidishiwa, kisha akarudishiwa na ngamia. Sisi wafanyabiashara tunaielewa hii. Kijana mwenye mayatima nyumbani alipata msaada bila mtu kumwita maskini.

Katika safari hiyohiyo, walipokaribia mji na kila mmoja ana haraka ya nyumbani, Mtume (s.a.w.) aliwazuia wasiingie ghafla. Wasubiri, ili habari itangulie na mke ambaye mumewe hakuwepo apate kuchana nywele zake na kujiweka sawa. Katika mafundisho mengine kaeleza sababu ya pili: mtu asiingie usiku bila taarifa kama anayemchunguza mkewe. Video za askari wanaowashtukiza wake zao tumeziangalia, na machozi yametutoka. Hata hivyo muulizeni mke mwenyewe kama angependa kuonwa na dunia nzima na kanga ya kufulia, mikono ina povu. Mpigie simu. Mpe siku mbili za singo, udi na hina.

Wako ambao waume zao hawarudi. Desemba 7, 2017, wanajeshi wetu 14 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, kwa shambulio la usiku mmoja. Nyumba za namna hiyo zina mfano wao katika mwaka wa 8 Hijria, 629, vita vya Muta, alipouawa Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume. Siku ile mkewe, Bi Asmaa bint Umays, alikuwa amekanda unga, amewaosha watoto na kuwapaka mafuta. Mtume (s.a.w.) akaingia, akaomba aletewe watoto, akawakumbatia na kuwanusa, macho yake yakitoka machozi. Bi Asmaa akajua. Kisha Mtume akawaagiza watu wapike chakula wawapelekee watu wa Jaafar, kwani wamefikwa na la kuwashughulisha. Chakula kilitoka nje kikaingia kwa wafiwa. Sisi leo tunakwenda msibani tukangoja sahani yetu.

Na hakikwisha kwa chakula. Baada ya siku tatu alirudi, akawaita tena watoto, akamleta kinyozi awanyoe vichwa. Mama yao alipotaja uyatima wao, alimuuliza kama anawahofia umaskini na hali yeye ndiye mlezi wao duniani na akhera. Akamshika mkono Abdullah, mtoto wa Jaafar, akamuombea baraka katika biashara yake. Abdullah alikuwa mkubwa, akafanya biashara, na Madina wakamjua kwa ukarimu hadi uzeeni.